Historia au Jiografia? Tazama kwanza somo la tatu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, makundi ya WhatsApp ya wazazi huwaka moto kwa swali moja: "Mwanangu ana B ya Historia na C ya Jiografia, ashike lipi?" Majibu hayachelewi. Mmoja atasema Historia haina ajira. Mwingine atasema Jiografia ina ramani na mahesabu, mtoto ataumia. Wa tatu, ambaye binti yake anasoma masomo ya sayansi, PCB, atashauri watoto wote wa Tanzania waachane na sanaa. Hadi jioni aliyeuliza ana majibu chungu nzima na hajui aanzie wapi.

Tatizo liko kwenye swali lenyewe. Kwa mfumo wetu, mwanafunzi anayekwenda kidato cha tano hachagui somo moja akaacha jingine kama anayechagua shati. Anachagua tahasusi, ile ambayo vijana huiita kombi: masomo matatu atakayoyasoma kwa miaka miwili na kuyafanyia mtihani wa kidato cha sita. Herufi za kombi zinatokana na majina ya Kiingereza ya masomo. H ni Historia, G ni Jiografia, K ni Kiswahili, L ni Kiingereza, E ni Uchumi, M ni Hisabati ya juu, P ni Fizikia, C ni Kemia na B ni Baiolojia.

Ukishazijua herufi hizo, utaona kwamba ugomvi wa Historia na Jiografia mara nyingi haupo. Anayekwenda HGL anasoma zote mbili. HGK, zote mbili. HGE, zote mbili. Mzazi anayekesha akipima lipi liachwe huenda mtoto wake amejaza kombi ambayo haiachi lolote.

Ugomvi wa kweli unaanza pale kombi inapobeba moja tu. HKL ina Historia bila Jiografia. CBG, PGM na EGM zina Jiografia bila Historia. Hebu zitazame tena hizo nne kwa makini, kwa sababu jibu la nusu ya maswali ya wazazi limo humo. Historia ikiwa peke yake inakaa na lugha. Jiografia ikiwa peke yake inakaa na Kemia, Fizikia, Uchumi au Hisabati. Kwa hiyo anayeuliza "Historia au Jiografia?" mara nyingi, bila kujua, anauliza: mtoto huyu aelekee kwenye lugha na hoja, au aelekee kwenye namba na vipimo?

Mwezi Machi 2024 serikali iliongeza idadi ya tahasusi, zikafika 65 katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Sasa zipo zinazounganisha Historia au Jiografia na masomo ambayo zamani hayakukaa nayo. Orodha kuwa ndefu hakujabadilisha kanuni. Kombi ni jiko la mafiga matatu, na sufuria haijali figa gani umelipenda zaidi. Moja likiyumba, ugali unamwagika. Mwanafunzi mwenye A ya Historia aliyeingia HGE huku akichukia Uchumi atasoma kwa mateso, na A yake haitamwokoa.

Kabla sijaendelea, tuondoe mkanganyiko mmoja unaotoka ng'ambo ya Namanga. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni kuhusu kuchagua kati ya masomo haya ni wa Kenya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, Mkenya alichagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili, na kati ya Historia, Jiografia na masomo ya dini alitakiwa abebe angalau moja hadi mtihani wa KCSE. Pale kweli ilikuwa ama hili ama lile, kwa sababu shule nyingi ziliyaweka kwenye kipindi kimoja cha ratiba. Isitoshe, somo lao linaitwa Historia na Serikali: ndani yake mna katiba, bunge na mahakama, mambo ambayo sisi tumezoea kuyasoma kwenye Uraia. Na hata huko mfumo huo unamalizikia, sekondari ya juu sasa inakwenda kwa mikondo mitatu. Video ya mwalimu wa Nakuru anayesema "chagua Historia, ni nyepesi" inaweza kuwa sahihi kabisa kwa Nakuru.

Sasa, masomo yenyewe ni nini?

Tafsiri ya haraka ya mtaani ni kwamba Historia ni mambo ya zamani na Jiografia ni milima na mito. Haina uongo mkubwa, ila haimsaidii mtu kuchagua. Njia bora ni kuchukua jambo moja lililotokea kwetu na kuliangalia kwa masomo yote mawili. Mimi hupenda kutumia karanga za Kongwa, mkoani Dodoma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo, dola za kununulia nje zilikuwa haba, na serikali ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee ilikuwa inatafuta pa kujinasua. Kampuni ya United Africa ikaleta wazo: tulime karanga Tanganyika, kwa mashine, kwenye eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Wataalamu wakatumwa, wakazunguka nchi kwa wiki chache, wakarudi na ripoti ya kutia moyo. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Januari 1951 mradi ukatangazwa kufa, na takribani pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara.

Mwanafunzi wa Historia akipewa habari hii, kazi yake ni kuuliza nani, kwa nini, na kwa nini wakati ule. Kwa nini serikali ya Labour, iliyojinadi kuwa ya wafanyakazi, ilikuwa na haraka ya kutumia ardhi ya koloni? Nani aliulizwa na nani hakuulizwa? Wagogo, wenyeji wa huko, walikuwa na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, ile ya mwaka 1917 hadi 1920 iliyoteketeza watu wengi katika Ugogo. Ushahidi kwamba nchi ile hukauka ulikuwepo, ulikuwa kwenye midomo ya wazee na kwenye mafaili ya watawala wenyewe. Historia inataka ueleze kwa nini ushahidi huo haukupewa uzito. Kisha inataka uonyeshe matokeo: Mtwara ikapata bandari ya kina, reli ikajengwa kusini halafu ikang'olewa, na Kongwa yenyewe, miaka ya 1960, ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Mwanafunzi wa Jiografia akipewa habari hiyo hiyo, anaanzia chini, kwenye udongo. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haina ahadi: mwaka huu inafurika, mwakani inakatika katikati ya msimu. Udongo wake mwekundu una mfinyanzi na chembe za mchanga mkali. Ukiwa na unyevu unalimika vizuri. Jua likiushika unakuwa kama saruji, na karanga ni zao linalokomaa chini ya ardhi, kwa hiyo wakati wa kuvuna ndio wakati ardhi imekataa kufunguka. Mchanga ule ukala majembe ya matrekta. Mizizi ya vichaka ikavunja mashine. Umbali wa kutoka bandari ya Dar es Salaam ukafanya kila kipuri kichelewe. Jiografia inataka uvipime vitu hivi: mvua milimita ngapi, mteremko kiasi gani, kilomita ngapi hadi bandarini, na useme zao gani lingefaa.

Nani kati ya wawili hao amelielewa jambo? Wote, kila mmoja upande wake. Sasa mtazame mtoto wako. Unapomsimulia habari ya Kongwa, anauliza nini kwanza? Akiuliza "kwa nini hawakuwasikiliza wenyeji?", huyo ana akili ya Historia. Akiuliza "kwani huko mvua inanyesha kiasi gani?", huyo mpe ramani. Kuna anayeuliza "walilipwa shilingi ngapi?", na huyo pengine anatafuta HGE au EGM bila kujijua.

Haya, tuingie kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu huko ndiko watu wanakotishana zaidi.

Kidato cha sita kila somo kati ya haya mawili lina karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ya Historia inashughulika na Afrika na Waafrika: jamii za kabla ya ukoloni, Waafrika waliopelekwa Amerika, ukoloni, harakati za uhuru, na Tanzania baada ya uhuru. Ya pili inatoka nje: kukua kwa ubepari, demokrasia Ulaya, ujamaa, ubeberu, Marekani kuwa dola kubwa. Karibu kila swali linajibiwa kwa insha. Na insha hiyo inaandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo wazazi wengi wanalisahau. Mwanafunzi anayejua vita vya Maji Maji kama kiganja cha mkono wake lakini Kiingereza chake hakimtoshi kujenga hoja atapata alama za mtu asiyejua.

Chukua hao hao Maji Maji. Swali linaweza kutaka utathmini sababu za vita vya 1905 hadi 1907. Aliyekariri ataorodhesha: kodi, kilimo cha lazima cha pamba, ukatili wa maakida, maji ya Kinjikitile wa Ngarambe. Orodha ni sahihi, na mtahini ataipa alama zake za kawaida. Aliyeelewa atapima. Atasema kodi ilikuwepo karibu kila mahali, hivyo peke yake haielezi kwa nini moto ulianzia Umatumbi. Atauliza kwa nini Wahehe, waliomtandika Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo mwaka 1891, mara hii hawakuingia. Atajibu kwamba walikuwa wametoka kwenye vita virefu vilivyoisha kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na kwamba jeraha lilikuwa bado bichi. Kupima namna hiyo hakukaririki, na ndiko kunakomtenganisha mwenye A na mwenye D. Wale wanaosema Historia ni kukariri tu wanazungumzia Historia waliyoisoma vibaya.

Jiografia nayo ina nyuso mbili, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Karatasi ya kwanza ni ya Jiografia ya maumbile pamoja na vitendo: miamba, tetemeko, volkano, mito, udongo, hali ya hewa, halafu kusoma ramani, picha, takwimu, upimaji na utafiti. Ya pili inageukia watu na uchumi wao: idadi ya watu, kilimo, nishati, usafirishaji, viwanda, maji na mazingira. Kijana aliyechagua Jiografia kwa sababu alipenda habari za mahindi ya Marekani na mabwawa ya umeme anakutana na karatasi ya kwanza na kushangaa: kumbe kuna hesabu.

Hesabu zenyewe ni za namna gani? Tuseme umepewa ramani ya 1:50,000. Maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Unatakiwa utafute mteremko wa njia kutoka mtoni hadi kileleni. Unapima kwa uzi, unapata sentimita 9. Hiyo ni kilomita 4.5, au mita 4,500. Unahesabu kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, unakuta umevuka nafasi tisa, na kila nafasi ni mita 20. Umepanda mita 180. Gawanya 180 kwa 4,500, unapata moja kwa ishirini na tano. Kila ukitembea mita 25 umepanda mita moja. Basi. Hakuna algebra ya kutisha hapo, ila kuna utulivu. Anayekosea kusoma kipimio cha ramani mwanzoni atakosea kila kitu kinachofuata, hata kama mgawanyo wake ni safi.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi kwamba Jiografia ni sayansi na Historia ni sanaa. Jiografia ina mguu mmoja kwenye sayansi na mwingine kwenye jamii. Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia Katesh, maelezo yalihitaji miguu yote miwili: mlima wa volkano wenye miamba iliyolegea, mvua kubwa za msimu ule wa El Niño, na makazi yaliyosogea karibu na njia za maji. Anayependa upande mmoja tu wa somo hili atalia nusu ya muda.

Kuna mkanganyiko mwingine mpya, nao unastahili kusemwa wazi. Mtaala ulioboreshwa umeleta somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nimesikia wazazi wakisema, "Historia si wote wanasoma sasa? Basi achukue Jiografia, Historia ataipata bure." Hapana. Somo lile linahusu historia ya nchi yetu na malezi ya raia, kila mwanafunzi analisoma, na halichukui nafasi ya Historia iliyo ndani ya HGL au HKL. Chuo kinapotaka ufaulu wa Historia ya tahasusi, ni ile yenye karatasi mbili za insha. Kinyume chake pia kipo: mwanafunzi wa CBG anaamini ameagana na Historia milele, kisha anaikuta kwenye ratiba kwa jina hili jipya.

Tuje kwenye ajira, kwa kuwa najua wengine wameruka aya zote wakaja hapa.

"Historia haina ajira" ni kauli yenye ukweli wa upande mmoja. Ukweli wake ni huu: ukimaanisha ualimu wa sekondari, foleni ni ndefu. Walimu wa sanaa walio nyumbani ni wengi, na serikali inapotangaza nafasi hutafuta zaidi walimu wa sayansi na hisabati. Ila hapo Jiografia haikuokoi pia, maana wahitimu wengi wa ualimu wa sanaa wana H na G zote mbili. Wako kwenye foleni moja. Nje ya ualimu, Historia ni somo la kuandaa watu wa hoja na kumbukumbu: wanasheria, wanadiplomasia, maofisa utumishi, waandishi wa habari, watunza nyaraka, waongoza watalii wanaojua wanachokisema. Nchi yenye Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000 na michoro ya miambani ya Kondoa tangu 2006 haiwezi kusema haina kazi ya mwanahistoria. Inaweza kusema haijaipanga vizuri, na hilo ni kweli.

Jiografia nayo imepambwa kupita kiasi. Vijana huambiwa itawapeleka Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwenye upimaji ardhi, hata kwenye urubani. Utabiri wa hali ya hewa unasimama juu ya Fizikia na Hisabati. Upimaji ardhi unasimama juu ya Hisabati. Jiografia ya HGL peke yake haikufikishi huko, hata ukipata A. Jiografia ya PGM inakufikisha, na kinachokubeba zaidi hapo ni P na M. Mnaona tunarudi kule kule kwenye somo la tatu?

Mahali ambapo Jiografia inang'ara bila hadithi ni kwenye mipango na takwimu. Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, isingewezekana bila kazi kubwa ya kuigawa nchi nzima kwenye maeneo ya kuhesabia kwa ramani za kidijitali. Halmashauri zinahitaji watu wa mipango miji na matumizi bora ya ardhi. Mashirika ya maji, ya kilimo, ya maafa, yote yanatafuta mtu anayeweza kukaa mbele ya kompyuta na kuweka visima, barabara na mashamba juu ya ramani moja. Kozi za namna hiyo zipo Chuo Kikuu Ardhi, Chuo cha Mipango Dodoma na kwingineko. Baadhi zinapokea kijana wa HGE au HGL, nyingine zinataka Hisabati. Unasoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka husika, kozi kwa kozi, kwa sababu masharti hubadilika na kumbukumbu ya kaka aliyemaliza zamani haihesabiki.

Mwongozo huo unatisha kwa ukubwa, lakini hesabu ya msingi ni rahisi. Kidato cha sita, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Sharti la chini la kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yanayotambuliwa na kozi, jumla yake isipungue pointi 4. Yaani D mbili zinatosha kugonga mlango, ingawa kozi zenye ushindani hutaka zaidi. Neno la kuangalia ni "yanayotambuliwa". Mwanafunzi wa HKL mwenye B ya Historia na B ya Kiswahili ana pointi 8, lakini kama kozi inataka Jiografia au Uchumi, pointi zake haziingii. Mwenzake wa HGE mwenye C ya Jiografia na D ya Uchumi ana pointi 5 tu, naye anapita. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kwenda kidato cha tano. Mara nyingi hufanyika baada ya matokeo ya kidato cha sita, mtu akiwa amechelewa miaka miwili.

Basi tuseme mtoto yuko mbele yako, matokeo mkononi. Ningeangalia vitu kwa mpangilio huu, na wengine watabisha.

Kwanza Hisabati, hata kama swali halikuitaja. Akiwa na C ya Hisabati au zaidi na Jiografia inayoeleweka, asiikimbilie Historia kwa sababu tu alama yake iko juu kidogo. EGM inampa uchumi, takwimu, uhasibu, benki, mipango, na njia ya kurudi kwenye sayansi ya jamii akitaka. Mlango wa Hisabati ukishaufunga kidato cha tano, kuufungua tena ni kazi. Akiwa na Baiolojia na Kemia zinazosimama, CBG ni kombi ya heshima kwa mambo ya mazingira, kilimo na afya. Ajue tu atakutana na BAM, ile hisabati ya ziada, na asije akasema hakuambiwa.

Kama Hisabati ni F au D ya kuokota, tuache kujidanganya. Hapo uamuzi ni wa lugha. Kiingereza chake kikoje? Kama anasoma magazeti ya Kiingereza bila kulazimishwa na kuandika aya inayoeleweka, HGL au HKL zinamfaa, na tofauti yao ni kama anataka ramani au fasihi. Kama Kiswahili ndicho kinachomtoa jasho la furaha, HGK au HKL. Ukimsukuma huyu kwenye HGE kwa sababu Uchumi una jina kubwa, unamrudisha mlango wa nyuma kwenye hesabu alizozikimbia, maana Uchumi wa kidato cha tano una grafu, mlinganyo na asilimia.

Halafu kuna yule mwenye B zote mbili, anayependa zote mbili, na hana shida na lugha. Huyo ndiye mwenye bahati, na ndiye anayesumbuliwa zaidi na wajomba. Mwache achukue kombi yenye zote mbili na muda autumie kuchagua herufi ya tatu. Nikilazimishwa kusema, L humpa wigo mpana kuliko K kwenye sheria, habari na mahusiano ya kimataifa, hasa kwa kuwa vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Hilo ni la ajira, wala halihusiani na lugha ipi ni tamu.

Kuhusu shule, uliza mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza, je, shule aliyopangiwa ina ramani halisi za kutosha, na vifaa vya upimaji kama mnyororo na dira, au wanachora ubaoni? Jiografia ya vitendo iliyofundishwa kwa mdomo ni hasara. La pili, je, kuna mwalimu wa Historia anayesahihisha insha na kuzirudisha zimeandikwa pembeni? Historia bila kusahihishiwa insha ni kusoma riwaya tu.

Fomu ya uchaguzi, Selform, hujazwa kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wakati mtoto anabahatisha. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi mtandaoni kabla ya kupanga shule. Dirisha hilo ni fupi na kila mwaka kuna wanaolikosa kwa sababu walikuwa bado wanabishana. Akisharipoti, kuhama kombi kunategemea nafasi, walimu waliopo na ruhusa ya mkuu wa shule, na kila wiki inayopita kuna mada zinazomwacha. Kwa hiyo simu ya kwanza apigiwe mwalimu aliyemfundisha somo hilo kidato cha tatu na cha nne. Ndiye aliyeona madaftari yake.